Viazi Visivyoliwa

Juni imeingia Komarock bila kubisha.
Anga ni sufuria iliyofunikwa,
na manyunyu ya asubuhi hayajaamua
kama ni mvua au ni ukungu.
Hapa hakuna theluji, najua.
Dalia zangu hazitauawa na baridi;
zitauawa na huu udongo mweusi
unaokunywa maji ya masika ukakataa kuyameza,
unaong'ang'ania gambuti kama mdai
na kuozesha chochote kilicholala.

Basi nazing'oa.
Kwanza nakata mashina, nabakiza shibiri moja.
Uma wa bustani nauchomeka mbali,
mbali kuliko haraka yangu inavyotaka,
maana kiazi cha dalia kina shingo nyembamba,
na shingo ikivunjika
kilichobaki ni mboga.
Kisha nainua polepole
kama anayemhamisha mtoto aliyesinzia kwenye kochi la wageni.

Tope natoa kwa kidole gumba, si kwa maji.
(Mwaka wa kwanza nilitumia maji. Tusiongee.)
Chini ya tope, vidole vinene, kumi, kumi na viwili:
mkono uliokuwa umeshika kitu gizani
na sasa umesahau ni nini.

Miaka ishirini na sita nilikuwa Posta,
chumba cha kupanga barua, ghorofa ya chini.
Siwezi kuhifadhi kitu kisicho na anwani.
Nimekata chupa za maziwa vipande vipande
na kuandika kwa penseli, maana wino hukimbia:
*Zambarau ya ukutani.*
*Nyekundu ya Bi Wanza.*
*Nyeupe yenye madoa, haijulikani ilikotoka.*
Jivu la makaa kwenye kila jeraha.
Unga wa mbao za saiprasi, mkavu,
kutoka kwa Odera seremala,
ambaye nikisema dalia husikia dalili,
na kila mwaka huniuliza, "Dalili za nini?"
Kreti ya mkate, gazeti la Jumapili juu,
chini ya kitanda, upande wangu.

"Wenzako huficha pesa chini ya godoro," asema Kwamboka.
"Wewe unaficha matope."

Julai, shemeji Nyaboke akaja kutoka Nyamira.
Aliamka kabla yetu, apate kutuandalia chai,
akafagia hadi chini ya kitanda, akaona kreti.
Tulipofika mezani sufuria ilikuwa imeshaepuliwa.
Tukala.
Ile nyeupe yenye madoa, na chai ya maziwa.
Ilikuwa na ladha ya maji
yaliyowahi kusimuliwa habari za kiazi.
"Viazi vya Nairobi," Nyaboke akaguna,
"havina hata utamu wa kusingizia."

Mimi kimya.
Kwamboka akanitazama juu ya kikombe,
akatazama sinki, kile kipande cha plastiki
kimeoshwa vizuri, kimeegemezwa kwenye sabuni.
Akaelewa.
Akaongeza kipande, na kingine,
akamaliza sahani yote, mgeni asije akahisi,
wala hakuniangalia tena.

Posta tulikuwa na kabati la barua zisizo na mwenyewe.
Zilikaa muda wake, kisha zilichomwa.
Kibandiko sikukitupa.
Nilikirudisha kwenye kreti, peke yake,
katika shimo lake la unga wa mbao.

Sasa ni Agosti, mwisho mwisho.
Jua limeanza kuonekana saa sita, kama karani mzembe.
Usiku nasikia kreti ikikwaruza sakafu.
Kwamboka yuko magotini, tochi ya simu mdomoni,
anageuza kiazi kimoja kimoja,
anabonyeza kilicholainika, anakitenga,
anapuliza vumbi kwenye shingo
mahali jicho hutokea, dogo, jekundu,
kama kichwa cha kibiriti.
Sikuwahi kumfundisha.

Anatoa tochi mdomoni.
"Hii inanitazama," asema.

Nami natafuta miwani.